Barua kwa Mwalimu Mwenzangu: Kabla ya Chai Kulikuwa na Ardhi

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kusahihisha mitihani. Barua yako ilinifikia salama, na nimelitafakari swali lako: je, inatosha kuwaeleza wanafunzi kwamba Wamarekani waliiasi Uingereza, iliyokuwa ikiwatawala, kwa sababu ya kodi ya chai? Kwa maoni yangu haitoshi. Kodi ilikuwepo, na ni kweli kwamba tarehe 16 Desemba 1773 makasha 342 ya chai yalitupwa baharini kule Boston. Lakini mwalimu anayeishia hapo hawezi kueleza kwa nini taifa lile, likiwa bado changa kabisa, lilikimbilia magharibi kwa pupa namna ile. Mimi ningeanza na ardhi.

Watu wa Kampuni ya Virginia, kampuni ya Waingereza, walipofika Jamestown mwaka 1607 walitarajia dhahabu, wakaambulia njaa. Kilichowaokoa ni tumbaku, zao linalochosha udongo upesi, hata mkulima akawa hana budi kutafuta shamba jipya kila baada ya misimu michache. Kuanzia 1618 Kampuni ilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyevushwa bahari, nazo zilikwenda kwa aliyelipa nauli, si lazima kwa aliyesafiri, hivyo mwenye fedha akazidi kujilimbikizia. Mwaka uliofuata Waafrika wapatao ishirini, waliotekwa Angola, waliteremshwa Point Comfort. Mashamba makubwa, kazi ya shuruti na wenyeji wanaosukumwa bara: hayo yote yalianza zaidi ya karne moja kabla ya Bunge la London kuwaza kodi ya stempu ya mwaka 1765.

Mwaka ninaouona mzito kuliko 1773 ni 1763. Uingereza ilikuwa imeishinda Ufaransa katika Vita vya Miaka Saba, na walowezi waliopigana upande wake waliamini kwamba bonde la Mto Ohio sasa ni lao. Badala yake Mfalme George III, akiwa na madeni ya vita na akikabiliwa na uasi wa mataifa ya wenyeji yaliyoongozwa na chifu Pontiac na wenzake, alitoa tangazo mwezi Oktoba la kuwazuia walowezi kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachian. Huruma haikuwa na nafasi kubwa katika uamuzi huo. Kulinda mpaka mrefu kulikuwa gharama. George Washington, ambaye ujanani alikuwa mpima ardhi, alimwandikia rafiki yake William Crawford mwaka 1767 kwamba aliliona tangazo hilo kuwa hatua ya muda tu ya kuwatuliza wenyeji, akamtaka amtafutie ardhi nzuri huko na jambo lenyewe libaki siri. Si ajabu, basi, kwamba Azimio la Uhuru la 1776 linamlaumu mfalme pia kwa kuweka masharti magumu ya ugawaji wa ardhi mpya.

Vita vya uhuru vilipokwisha, mkataba wa 1783 na Uingereza ulilipatia taifa jipya mpaka hadi Mto Mississippi, na wenyeji waliokuwa wakiishi ndani ya eneo hilo hawakuulizwa neno. Sheria ya 1785 iliigawa ardhi hiyo katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kikitengwa kwa ajili ya shule (hapo wanafunzi wako watatabasamu). Sheria ya 1787 ilipiga marufuku utumwa kaskazini mwa Mto Ohio na kuahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila ridhaa yao. Miaka minne baadaye jeshi lilikuwa huko huko likipigania ardhi hiyo, na mashujaa wa wenyeji, Little Turtle na Blue Jacket, waliliangamiza, wakiua zaidi ya askari 600 kwa siku moja.

Ununuzi wa Louisiana wa 1803, nchi kubwa ya magharibi mwa Mississippi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, usiufundishe bila Haiti. Napoleon aliuza kwa sababu watumwa wa Saint-Domingue (koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti) waliojikomboa, wakisaidiwa na homa ya manjano, walikuwa wamelimaliza jeshi alilolipeleka. Bila koloni lile, Louisiana haikuwa na faida kubwa kwake. Ushindi wa watu weusi ukaongeza nchi ambayo sehemu yake ya kusini ilikuja kulimwa na watumwa weusi, kwa kuwa mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba, iliyobuniwa 1793, ilikuwa imeifanya pamba kuwa mali.

Wacherokee, taifa la wenyeji wa kusini-mashariki, ndio wanaonisikitisha zaidi. Walikuwa na maandishi yao yaliyobuniwa na Sequoyah, katiba ya 1827 na gazeti, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika nchi yao. Hukumu hiyo haikuwaokoa. Sheria ya kuwahamisha wenyeji ilikuwa imepitishwa tangu 1830, na mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani mwao; kati ya watu wapatao 16,000 waliohamishwa, inakadiriwa 4,000 walikufa. Viwanja vyao Georgia ilikuwa imekwisha kuvigawa kwa bahati nasibu.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote