Mizani nane, vita vitatu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala mliyoitoa kuhusu historia ya ubunifu wa binadamu katika sanaa na fikra. Imeandikwa kwa ufundi na nimejifunza mengi. Lakini mwandishi ameanzia Ugiriki, akapita Florence, akatia nanga Paris, na kote huko anashikilia neno moja: mbunifu ni yule anayevunja alichokikuta. Hapo ndipo nisipokubaliana naye, na ushahidi wangu uko hapa hapa Tanga.

Mwaka 1728 kule kisiwani Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, habari za vita vya Waislamu na Warumi wa Mfalme Herekali. Kipimo chake tunakijua sote tuliokaa barazani na wazee: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachotembea hadi mwisho wa utenzi. Zaidi ya miaka 150 ikapita. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, wakaivamia Mrima, yaani pwani yetu ya bara, Bushiri akapigana nao, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani yetu hii, akaandika kwa herufi za Kiarabu Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kipimo ni kile kile, hakupunguza hata mizani moja. Upya ulikuwa kwingine: chombo kilichozoeleka kubeba mashujaa wa zama za Mtume, yeye alikipakia vita vya siku zake mwenyewe, vilivyopiganwa katika miji ambayo wasikilizaji wake walikuwa wakiishi.

Akaja Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, aliyekula mkate wake kwa ukarani wa forodha. Huyu ndiye aliyetuandikia Kusadikika, na maisha ya Siti binti Saad, na maisha yake mwenyewe, yote kwa nathari. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba hakuijua njia nyingine. Hata hivyo, alipotaka kuisimulia Vita ya Pili ya Dunia, alirudi kwenye mizani nane, akatunga beti zipatazo 3,000. Herekali, Wadachi, Hitler: vita vitatu, kipimo kimoja, na hakuna hata mmoja kati ya watunzi hao watatu ninayeweza kumwita mwigaji.

Wala si sisi peke yetu. Shakespeare hakuibuni soneti. Ilitoka Italia na mistari yake 14, akaipokea na kuijaza ya kwake.

Sisemi kuvunja ni kosa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, washairi wengi walikasirika, na leo naona walikosea kukasirika. Ila Kezilahabi alijua anavunja nini. Ninachoogopa ni kijana anayeambiwa avunje nyumba ambayo hajapata kuingia ndani yake. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu mmoja aliukata utenzi wangu kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba nimekariri ya wazee. Sikutunga tena kwa miaka mingi. Ndiyo maana neno la makala yenu limenichoma.

Muziki nao ni shahidi, na waliokulia Ngamiani hawahitaji kuelezwa. Taarabu ya Unguja ilikuwa na fidla, udi na ganuni, wanamuziki wamejaa jukwaa. Vikundi vya Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star, viliipokea vikiwa vidogo, vikaweka magitaa ya umeme na mapigo ya kuchezeka, na sauti ya Shakila ikapaa juu yake. Mashairi yalibaki na vina vyake. Pwani nzima ikageuka kusikiliza, kwa sababu muziki mpya ulikuwa umekaa ndani ya uliozoeleka na watu waliweza kuingia.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba makala ijayo ya mfululizo huu iteremke pwani. Na mturudishie ukurasa wa mashairi, ule wa kujibizana, ambapo mtu wa Pangani aliuliza na wa Lindi akajibu kwa vina vile vile. Humo ndimo wengi wetu tulijifunza kufikiri mbele za watu.

Mjukuu wangu yuko darasa la saba. Ameanza utenzi juu ya bomba la mafuta linalotoka Uganda kuja kwetu, na ubeti wa kwanza ni huu, kwa ruhusa yake:

Bomba latoka Hoima
Lavuka bonde, mlima
Njiani halitakoma
Mpaka Chongoleani

Wa pili bado anauhesabu kwa vidole.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga