Anataka kuuza kompresa, nami sijamwambia yote

Shikamoo shangazi.

Nina miaka 31, naishi Umoja hapa Nairobi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Nimefanya usaili wa kazi ya ubalozi na sasa nangoja majibu. Nikifaulu, nataka niwe afisa wa siasa.

Nyumbani kwetu wanadhani ni kazi ya karamu na gari lenye bendera. Bendera ni ya balozi. Afisa wa siasa huamkia magazeti ya nchi aliyotumwa, hushinda akionana na wabunge, wanahabari, viongozi wa dini na wa upinzani, kisha usiku huketi kuandika: nani kasema nini, kwa nini kasema sasa, na jambo hilo linaihusu Kenya vipi. Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa mataifa kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, unamruhusu kujua mambo ya nchi ile kwa njia halali tu, wala asiingilie siasa zao. Wakiona amevuka mpaka, wanaweza kumfukuza bila kutoa sababu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo alinifunza kumsikiliza mtu saa nzima bila daftari, niandike nikishafika nyumbani, tena ukurasa mmoja na nusu, kwa kuwa balozi hana muda wa kurasa sita. Nimejizoeza miezi mitatu kwenye mikutano ya mtaa. Naipenda kazi hii, shangazi, naipenda sana.

Shida ni huku nyumbani. Mume wangu ana gereji Kariobangi. Aliianza na sanduku moja la spana, leo ameajiri vijana watatu. Nilimweleza habari za nyumba na karo ya mtoto. Sikumweleza kwamba mkataba huohuo unamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara yake huko, na kwamba mwenzi wake naye mara nyingi hapati kazi mpaka nchi ile ikubali. Tena vituo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Jumapili alikuwa akifuta grisi vidoleni, akaniuliza, "Huko watu huendesha magari gani?" Nikamjibu sijui, nikaingia jikoni.

Sasa, akijiandaa tuhame, amepata mnunuzi wa kompresa ya gereji. Anakuja Jumamosi.

Nimwambie kabla ya siku hiyo, hata kama majibu hayajatoka na huenda nisiitwe? Nianzie wapi, ilhali nilinyamaza makusudi? Na akisema haendi, nimwache na gereji yake niondoke na mtoto, au niiache kazi?

Nisaidie, shangazi.
Mama wa Umoja