Mwanangu, ile laini yako ya Bongo usiiache ikafa

Assalaam aleykum mwanangu,

Mie mzima, wadogo zako wazima, bibi yako wa Newala mguu bado unamsumbua ila anakula vizuri. Nimeamua kukuandikia kwa kirefu maana kwenye simu kila nikigusia hili jambo unaniambia "sawa mama nimekuelewa" halafu maneno yanahamia kwingine, na leo ni tarehe 9, ile meseji yako ya kila mwezi kutoka kwenye laini ya huku sijaiona. Mwezi uliopita pia hukutuma. Nikanyamaza nikasema labda mitihani, mtoto kachoka, ila miezi miwili siwezi kunyamaza.

Wiki iliyopita uliniambia mama si unaniona WhatsApp nipo hewani, namba ipo. Hapo hapo ndipo nataka tukae tuelewane mama. WhatsApp kuwa hewani haina maana kwamba namba bado ni yako. Ile WhatsApp ilikuuliza namba siku moja tu, siku ile unaingia, ikakutumia kodi ya kuthibitisha kwa meseji ukaijaza ikakukubali, basi, toka siku hiyo inatembelea intaneti ya huko Ankara, haijui na wala haiulizi kama laini ipo kwenye simu au ipo chini ya godoro. Laini inaweza ikafa, ikafungwa, ikauzwa kwa mtu mwingine dukani, na wewe bado uko kwenye grupu la familia unatutumia picha za theluji.

Yaliyompata kaka yako kule Muscat unayajua juujuu tu, ulikuwa bweni. Acha nikuhadithie vizuri.

Kaka yako alivyofika Oman alinunua laini ya kule, ya huku akaichomoa akaiweka kwenye pochi. WhatsApp ikabaki na namba ya huku, ikawa inafanya kazi vizuri tu kama yako. Mie kwa akili yangu nikasema isije ikafungwa, nikawa kila mwezi nainunulia vocha ya mia tano kutoka hapa hapa bandani kwangu kwenye uwakala wa simu, najua naitunza. Kumbe vocha peke yake haikutosha, laini haikuwa kwenye simu, haishiki mnara wowote, haipigi, haitumi meseji, ni kama kumwekea mtu chakula mezani na mwenyewe hayupo, kinapoa pale pale. Mitandao yote iko hivyo, kila kampuni ina siku zake, laini ikikaa muda mrefu haijatumika inafungwa na namba inarudishwa sokoni, anauziwa mtu mwingine kihalali kabisa.

Siku nilipojua ilikuwa Jumamosi, banda limejaa watu maana korosho zilikuwa zimeshalipwa. Nikapata nafasi kidogo nikasema ngoja nimwekee kaka yako elfu kumi kwenye namba yake aikute akirudi likizo. Nikaingiza namba, namba hiyo naijua kama jina langu, nikaingiza kiasi, na kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina. Si jina la mwanangu. Jina la mwanaume mwingine kabisa na ukoo wake. Nikafuta nikaanza upya nikijua nimekosea tarakimu moja, nikasoma moja moja kwa sauti na wateja wananiangalia, likaja jina lile lile. Mwanangu, nilikaa chini kwenye kigoda. Najua ni namba tu, lakini nilihisi kama mtu kafungua mlango wa chumba cha mwanangu nikamkuta mgeni kalala.

Kesho yake asubuhi kaka yako akatolewa kwenye WhatsApp yake, na kwenye grupu la familia picha yake ikabadilika ikawa bodaboda nyekundu. Yule kijana aliyenunua laini aliingia WhatsApp kwa namba yake mpya, kodi ikaja kwake, ndio mwenye laini kwa nini isije kwake, na tuliyokuwa tunaandika sisi yakawa yanaingia kwake. Shangazi yako akamuuliza pale pale habari za mke na mtoto.

Ila lililoniumiza zaidi ni la bibi yako. Si unajua bibi hasomi, kwenye kile kitochi chake nilimwekea mwenyewe, akibonyeza 3 kwa muda inapiga kwa kaka yako, akibonyeza 4 inapiga kwako. Hatukuwahi kumwambia. Akabonyeza 3 akaongea wee, akaeleza mguu, akaeleza mikorosho ya bondeni imeingia ugonjwa wa ubwiri unga na dawa yake ya salfa imechelewa, akaja kwangu akasema mjukuu wangu siku hizi kawa mpole sana, anaitikia tu. Nikapiga mie ile namba. Kijana mwenyewe yuko Kahama, mstaarabu kweli, akanisalimia shikamoo mama, akasema nilimwambia bibi mimi siyo mjukuu wako lakini naona hanisikii vizuri nikaona nimsikilize tu. Mungu ambariki popote alipo. Lakini angekuwa tapeli je? Hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunawajua, kila siku watu wanakuja bandani wanalia. Angemwambia bibi nina shida bibi nitumie laki, bibi angeuza mbuzi.

Sasa utasema mama basi si unirenewie tu laini ikifungwa, unitolee kadi mpya ya namba ile ile, wewe wakala. Siwezi mwanangu. Mtu wa kuirenew ni wewe mwenyewe na kidole chako. Si unakumbuka ule usajili wa alama za vidole, mwisho ulisemwa tarehe 31 Desemba 2019 halafu ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, tukapanga foleni mie na wewe jua linachoma. Wewe uliweka kidole mara moja tu mashine ikakubali. Mie ikakataa. Msimu ule nilikuwa nabangua korosho, yale mafuta ya ganda yalikuwa yameninyonyoa ncha za vidole zimekuwa laini kama karatasi, yule kijana akaniambia mama nawa sabuni, nikanawa, futa kwenye khanga, nikafuta, dole gumba la kulia likakataa, la kushoto likakataa, mwishoni kikakubali kidole cha kati cha mkono wa kushoto na jua lishazama, na wewe muda wote umenishikia mkoba hukuondoka. Kwa hiyo laini yako imefungwa kwenye namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kidole chako, na kidole hicho kiko Ankara. Kila wiki nawarudisha hapa bandani wazazi wanaotaka kurenew laini ya mtoto aliye mbali, wananuna, ila ndio utaratibu ulivyo, na ni mzuri maana ndio unaomzuia mwizi asijirenewie laini yako.

Na usifikiri ni habari ya bibi tu. Akaunti yako ya benki imeshika namba ile, Gmail yako ukisahau nywila kodi inakuja pale pale, M-Pesa yako ipo pale, ajira portal, kule mnakoombea kazi za serikali, umejaza namba ile ile, na ukirudi hapa na digrii yako ukaitwa usaili watakupigia hiyo hiyo. Yote hayo yanamwamini mwenye laini, hayakuamini wewe.

Basi sikiliza nikuelekeze, kidogo tu na hela yenyewe ndogo.

Ile simu uliyotoka nayo huku, si uliniambia laini za Uturuki ziligoma kwenye ile simu baada ya siku 120 kwa sababu haijasajiliwa kule na ada yake kubwa, ukalazimika kununua nyingine? Usiitupe wala usimpe mtu. Laini ya huku weka humo, laini ya nje huwa inashika tu hata kama ya kwao inakataa. Iwe na chaji, ikae juu ya meza yako. Roaming tulishaiwasha kabla hujaondoka, na unajua roaming ilivyo, ni kama siku ile tulivyoenda Kilambo kwenye harusi, tumekaribia tu Ruvuma simu zikashika mnara wa Msumbiji tukaletewa meseji za Kireno. Mnara ni wa kwao, laini ni ya kwetu, wao wanawauliza wa huku huyu mtu wenu, wakisema ndiyo anapokelewa. Ikikataa kushika yenyewe, ingia kwenye setingi uchague mtandao kwa mkono, jaribu mmoja mmoja.

Data ya laini hiyo zima kabisa, na data roaming zima, siyo moja zote mbili. Siku ile ya Kilambo vocha yangu yote ya elfu mbili iliondoka nikiwa sijagusa simu, programu zenyewe zinavuta huko ndani kimyakimya.

Halafu kila tarehe 1 nitumie mie meseji moja, meseji ya kawaida siyo WhatsApp, andika chochote, hata "mama nipo". Kupokea meseji hakukati hela, ila kupokea peke yake nisikudanganye usikutegemee, linalohesabika la uhakika ni ukituma kitu kikakatwa hela, hapo kampuni inaona laini ina mtu. Vocha nitaweka mie kama zamani, wewe kazi yako ni kuitumia. Mwezi wa pili ulinirushia elfu moja kwa *150*00# ukiwa huko huko, jina lako likatokea kwenye simu yangu, nilifurahi siku nzima, wakati mwingine fanya hivyo badala ya meseji.

Simu ikiita kwenye laini hiyo usipokee. Ukiwa roaming anayepokea naye anakatwa, na kukatwa kwenyewe si kidogo. Bibi nimemfundisha abipu tu akate, ukiona missed call yake nipigie mie WhatsApp, nikiwa Newala nakupa uongee naye, nikiwa Mtwara nampigia kwa simu nyingine naweka lauspika mnasikilizana.

Kwenye WhatsApp weka ile PIN ya namba sita na barua pepe yako. Haikuokoi kabisa namba ikishaenda, anayeipata akikosa PIN anasubiri siku 7 tu anaingia, lakini siku 7 ni nyingi mtu akiwa macho. Na kama kweli unataka WhatsApp yako iwe na namba ya kule ya +90, sawa, lakini uhamishe kwa kile kipengele cha kubadilisha namba, na uhamishe sasa hivi namba ya huku ikiwa bado mkononi mwako, usisubiri. Laini lakini ibaki hai, benki haijahama.

Kadi ya plastiki ya laini yako, ile iliyoandikwa PUK, namba za kufungulia laini ikijifunga, ipo kwenye kopo la majani ya chai kabatini pamoja na vyeti vyako. Ukikosea PIN ya laini mara tatu usihangaike kubahatisha, nipigie nikusomee zile namba nane kwa mdomo. Picha yake sitatuma.

Kaka yako alivyokuja likizo alisajili laini mpya, nikairudisha kwenye namba 3 ya kitochi cha bibi. Bibi lakini hajaizoea mpaka leo, kila akibonyeza anauliza kwanza, we ni wangu au ni yule wa Kahama?

Jana jioni kabonyeza 4. Kanipigia akasema hapa hakuiti, anaongea mwanamke tu. Nikajua simu imezima chaji iko kwenye begi. Itoe mama, iweke chaji, iwashe. Saa za huko na za huku ni zile zile, mie nipo bandani mpaka saa mbili usiku na simu iko mbele yangu.

Mama yako,
Mikindani