Yah: Sampuli zetu kusomwa kwa mashine mbili bila idhini yetu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba mnao, sina haja ya kuunukuu. RNA yote (nakala za jeni, zinazoonyesha jeni ipi inafanya kazi na kwa kiasi gani), ya wagonjwa na ya watu wenye afya, ilitakiwa kusomwa kwa mashine ya Illumina, inayosoma vipande vifupi, vya herufi 150 kila upande. Nilipofungua mafaili, ya wagonjwa yalikuwa hivyo. Ya wenye afya yalikuwa na vipande vya urefu wa kila namna, vingine maelfu ya herufi. Hiyo ni Nanopore, mashine nyingine kabisa! Na hakuna aliyetuandikia hata mstari mmoja.

Nikaomba kikao. Afisa wenu akaingia kwa video, kamera kaizima, akaniambia mbele ya wanafunzi wangu: "Dada, jeni ni jeni tu, mashine haibadilishi kitu."

Haibadilishi kitu? Kwa Illumina, RNA hukatwakatwa kwanza, kwa hiyo jeni ndefu hutoa vipande vingi kuliko jeni fupi hata kama zote mbili zinafanya kazi sawasawa. Nanopore husoma molekuli kwa urefu wake, kwa hiyo jeni ndefu haipati vipande vya ziada. Sasa wagonjwa wote wako mashine moja, wenye afya wote mashine nyingine. Nikiona jeni imepanda, ni ugonjwa au ni mashine? Hakuna hesabu ya kutenganisha hayo. Mngechanganya angalau, nusu ya kila kundi huku na nusu kule, tungekuwa na pa kushika.

Halafu mkanitumia utafiti wa SEQC wa 2014, mradi wa kimataifa uliopima ubora wa usomaji wa RNA, eti nitulie. Mliusoma lakini? Wale walipeleka RNA ileile kwenye mashine na maabara mbalimbali, na bado kilicholingana ni uwiano kati ya sampuli, si wingi halisi wa kila jeni.

Narudi kwenye kile kikao maana hakijanitoka. Afisa wenu alikuwa anatafuna, tulimsikia sote. Nilipouliza nani aliidhinisha kubadilisha mashine akacheka, akarudia jeni ni jeni, kisha akasema: "Dada, hizi takwimu unazielewa mwenyewe, au tuongee na bosi wako?" Wanafunzi wakainamisha vichwa. Mtafiti mkuu ni mimi! Jina langu liko kwenye mkataba, kwenye kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) cha kusafirisha sampuli, na kwenye boksi la barafu kavu mlilolipokea. Boksi hilo lilifika barafu ingalipo, na ripoti yenu wenyewe iliipa RNA yetu alama 8 kati ya 10 za ubora, kwa hiyo msije mkasingizia sampuli.

Naomba, kwa heshima, sampuli za watu wenye afya zisomwe upya kwa Illumina, kwa gharama zenu. La, hata hiyo haitoshi: zisomwe zote, pamoja, kwa mkupuo mmoja, maana mkiunganisha za sasa na za zamani tutarudi palepale. Fedha ya Nanopore irudishwe. Afisa huyo aniombe radhi kwa maandishi, nakala kwa wanafunzi waliomsikia.

Nisipojibiwa ndani ya siku 14, faili linakwenda kwa mwanasheria, na nitawaandikia wafadhili wetu na kila taasisi ninayojua inawaletea sampuli. Na RNA iliyobaki kwenye jokofu lenu isiguswe na mtu yeyote bila saini yangu.

Mtafiti Mkuu wa Mradi