Mama mwenye mnyororo mkononi

Roma, Jumapili usiku

Mama Deo mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Habari za hapo nyumbani, na presha ya Baba Deo? Sisi hatujambo, ila miguu imevimba. Nisamehe kwa ukimya. Tangu ile simu ya mwezi wa tatu sikujua nikuambie nini, na nililolipata sasa si la kusema kwa simu.

Jana tulikwenda Assisi. Treni inakushusha bondeni, kisha unapanda basi, maana mji umeegemea ubavu wa mlima Subasio, nyumba za mawe yenye wekundu wa mbali. Ngazi kila upande! Mama Anyesi alikaa chini mara tatu. Kaburini kwa Mtakatifu Fransisko, chini kabisa ya basilika, niliweka nia yako kama ulivyoniagiza. Niliiweka, lakini ulimi ulikuwa mzito. Kumwomba Fransisko amtoe Deo utawani amrudishe chuo kikuu? Fransisko huyu huyu?

Asubuhi tulikuwa tumepita Chiesa Nuova, kanisa wanalosema limesimama palipokuwa nyumba ya wazazi wake. Mle ndani kuna kijichumba kidogo kama stoo. Wanasema ndimo baba yake alimomfungia. Mzee Pietro Bernardone alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mtoto akabeba vitambaa vya dukani akaviuza Foligno, na farasi pia, ili atengeneze kanisa bovu la San Damiano. Mzazi gani asingewaka? Nilimwonea huruma kweli, nikawakumbuka wale ng'ombe wawili mliouza kwa ada ya Deo. Mwisho wakafikishana kwa askofu, kijana akavua nguo zote akamrudishia baba yake mbele za watu.

Ila nje ya kanisa hilo kuna sanamu ya wazazi wote wawili, na mama ameshika mnyororo. Mzee aliposafiri, mama ndiye aliyemfungulia mwanawe. Mama Deo, nilisimama pale mpaka wenzangu wakanirudia.

Halafu kuna jambo lililoninyima usingizi. Wanasimulia kwamba baadaye baba yake kila akikutana naye njiani alimlaani, hata Fransisko akamchukua maskini mmoja awe anatembea naye, ambariki kila baba anapolaani. Mtu ana baba mzima, anaomba baraka kwa mtu wa barabarani! Hapo nilikuwa namwona Deo tu. Aliniandikia kabla sijasafiri: mwezi wa nane anaweka nadhiri za kwanza kwa Wakapuchini, watawa wa Fransisko huyu huyu, na kwenye karatasi ya wageni nafasi ya wazazi ameiacha wazi. Hakulalamika. Aliuliza tu kama presha ya baba imeshuka.

Uchungu wa wale ng'ombe naujua, tulilia pamoja. Sikuambii usiwe nao. Lakini yule mama na mnyororo wake... basi, nimeshasema.

Ile barua ya Deo ya Pasaka uliifungua, au bado iko kabatini? Baba Deo anajua tarehe? Kama shida ni nauli, kwa nini usiniambie? Na akikataa yeye, wewe huwezi kuja hata peke yako, tukaketi wote? Nimemnunulia Deo msalaba mdogo wa mbao, ule wa Tau, wenye umbo la herufi T. Nimpe mimi, au utamvisha wewe?

Wako,
Mama Tina