Barua kwenda Goma: umilele si wakati mrefu

Bukavu

Ndugu yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele, amina", na neno hilo hilo la kuitikia ndilo lililokuletea taabu Jumamosi. Vijana wako wa kipaimara wamekuuliza nani alimzaa Mungu, alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba, na inakuwaje Yesu aliyezaliwa Bethlehemu awe wa milele. Umeniomba majibu matatu. Mimi naona ugonjwa ni mmoja: wanadhani umilele ni wakati mrefu sana. Dhana hiyo ikibaki, kila jibu utakalotoa litazaa swali jingine. Ikiondoka, maswali mawili yanaanguka yenyewe, na la tatu linabaki kazi ya saa moja.

Usiwalaumu, maana neno lenyewe linawasukuma huko. Kwa Kiebrania ni olamu, na mara nyingi maana yake ni muda ambao mwisho wake hauonekani kutoka pale uliposimama. Katika Kutoka 21:6 mtumwa aliyetobolewa sikio anamtumikia bwana wake "olamu", yaani mpaka afe. Yona anasema mapingo ya nchi yalimfunga "hata milele" (2:6), naye alikaa ndani ya samaki siku tatu. Kwa hiyo usijenge somo kwa kuhesabu mara ngapi neno "milele" limeandikwa. Kijana mmoja mwerevu atakuletea Yona na nyumba yote itaanguka. Jenga juu ya yale yanayosemwa kuhusu Mungu mwenyewe: Zaburi 90, Zaburi 102, Kutoka 3:14, Yohana 8:58.

Anza na Zaburi 90, na usianze na ubao. Anza na jiwe. Chukua lile jeusi la lava lenye vitundu, walipitishe mkononi mmoja mmoja, wasikie linavyokwaruza na lilivyo jepesi kuliko macho yanavyotegemea. Kisha soma mstari wa 2: "Kabla haijazaliwa milima, wala hujaiumba dunia, na tangu milele hata milele ndiwe Mungu." Kitenzi cha Kiebrania pale ni kuzaliwa kweli. Kwingineko watu wakisikia mlima wanafikiri kitu kikongwe kuliko vyote. Kwenu mlima bado unazaa: lava ya Nyiragongo, volkano yenu, ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilishuka wengine wao wakiwa na akili ya kukumbuka. Waulize: kabla ya jiwe hili kulikuwa nini? Watasema moto. Kabla ya moto? Waache warudi nyuma mpaka wachoke, halafu waambie kwamba mwandishi wa zaburi hamweki Mungu mwisho wa foleni hiyo. Hasemi "ulikuwa Mungu". Anasema "ndiwe".

Nakusihi usichore mstari wenye mishale miwili. Najua ni rahisi, na vitabu vingi vinauchora. Lakini ukishauchora, Mungu amekuwa kitu kinachotembea juu ya mstari pamoja nasi, ila yeye kaanza mbali zaidi. Duara nalo si dawa. Linafundisha kwamba mambo yanarudi.

Kutoka kwenye jiwe nenda kwenye ufafanuzi, na mpaka leo sijaona ulio bora kuliko wa Boethius. Alikuwa mkubwa wa serikali kule Italia, mfalme Theodoric akamfunga, akauawa yapata mwaka 524. Gerezani aliandika kwamba umilele ni kuumiliki uzima usio na kikomo, wote kwa pamoja, kikamilifu. Ufundishe kipande kwa kipande, kwa sababu kila kipande kinaziba tundu.

Kipande cha kwanza ni "uzima", nacho ndicho walimu wengi wanakiruka. Umilele hausemwi kuhusu urefu, unasemwa kuhusu uhai. Jiwe lako la lava, hata kama lingekuwako bila mwanzo wowote, lisingekuwa la milele kwa maana hii, kwa kuwa halina uzima wa kumiliki. Mwanateolojia Toma wa Akwino aliliona hilo katika karne ya 13: alisema hata kama ulimwengu ungekuwako siku zote, bado usingelingana na Mungu katika umilele. "Usio na kikomo" kinaondoa mwanzo na mwisho. Hapo hutapata shida.

"Wote kwa pamoja" ndipo penye kazi, kaa hapo nusu saa nzima. Sisi tunapewa uzima kama sambaza, wale samaki wadogo wa soko la Kituku, kipimo kwa kipimo: cha jana kimeshaliwa, cha kesho hakijavuliwa, na hiki cha leo kinapungua tukiwa tumekishika. Utoto wako huna tena. Uzee wako huna bado. Mungu hapokei uzima wake kwa vipimo. Hakuna sehemu yake iliyompita wala sehemu anayoingoja. "Kikamilifu" kinamalizia: wala hakuna wa kumnyang'anya, maana hakupewa na mtu.

Sarufi yetu itakusaidia kuliko mchoro wowote. Andika ubaoni "alikuwa", "anakuwa", "atakuwa", uwaonyeshe alama za wakati. Kisha andika "Mungu ni mwema" na uwaulize alama ya wakati iko wapi katika "ni". Haipo. Zaburi 102:27 inatumia ndugu yake: "Lakini Wewe U Yeye yule, na miaka yako haitakoma." Halafu fungua Yohana 8:58: "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Ibrahimu kapewa kitenzi cha kutokea, Yesu kajichukulia "niko". Angesema "nilikuwako", angekuwa mtu mzee tu. Aliposema "niko" waliokota mawe, kwa sababu walielewa.

Papo hapo weka mezani Biblia mbili, ya Kifaransa ya Louis Segond na ya Kiswahili, kwenye Zaburi 23. Moja inasema "L'Éternel est mon berger", nyingine "BWANA ndiye mchungaji wangu". Vijana wenu wanaomba kwa lugha zote mbili, na wengi wameshaamini kwamba jina la Mungu kwa Kiebrania maana yake ni "wa milele". Sivyo. Nyuma ya maneno yote mawili ziko herufi nne, YHWH. "L'Éternel" ni chaguo la mfasiri Olivétan katika Biblia yake ya 1535, na Waprotestanti wa Kifaransa wakalishika. Kutoka 3:14 inalifunga jina hilo na kitenzi cha kuwa: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Ni chaguo zuri, silikatai, maana aliye namna hiyo hawezi kuanza wala kuisha. Lakini lifundishwe kama matunda ya jina, si kama jina.

Sasa maswali yao. "Nani alimzaa Mungu?" linaanguka lenyewe: mzazi anatafutwa kwa kilichoanza. Jihadhari tu na jibu la mkato ambalo hata wahubiri wanalitoa, kwamba Mungu alijiumba. Ili ajiumbe ingebidi awepo kabla hajawepo. Hakuumbwa na yeyote, hata na yeye mwenyewe.

"Alikuwa akifanya nini kabla?" ni swali la zamani. Augustino analijibu katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, yapata mwaka 400. Kulikuwa na watu waliolijibu kwa mzaha, kwamba Mungu alikuwa akiwatayarishia jehanamu wanaochunguza mambo ya juu. Augustino anaukataa mzaha huo, nawe uukatae, kwa maana kijana aliyeuliza kwa moyo safi hastahili kutishwa. Jibu lake ni kwamba wakati nao umeumbwa, hivyo hakukuwa na "kabla" ya kuulizia. Kiswahili kinalisaidia hili bila kujua: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." "Hapo" ni neno la mahali, na tunalitumia kwa wakati. Padre Alexis Kagame wa Rwanda aliandika mwaka 1956 kwamba katika fikra za Kibantu mahali na wakati vimo katika kundi moja, hantu, na Mungu hakumweka ndani ya makundi yale ya ntu, yaani ya vitu vilivyopo. Kijana anakubali haraka kwamba Mungu hana mahali panapomfunga, kwamba huwezi kumkuta Sake ukamkosa Masisi. Mwambie basi wakati nao ni hivyo hivyo.

Jibu hilo peke yake linaacha baridi. Ongeza Yohana 17:24, ambapo Mwana anasema Baba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu. Uzima ule usio na vipimo una upendo ndani yake, hata bila sisi.

Na hapo umefika kwenye swali la tatu. Arius, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba palikuwa na hali ambayo Mwana hakuwako. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliyalaani maneno hayo. Hoja ya Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyempinga Arius, waifahamu: kama Mwana alianza, basi Baba naye alianza kuwa Baba, na Mungu amebadilika. Nuru haikai ikingoja mng'ao wake. Ndiyo maana tunakiri kila Jumapili "aliyezaliwa kwa Baba tangu milele yote", kisha "aliyezaliwa bila kuumbwa". Kosa utakalolisikia ni kuchanganya kuzaliwa kuwili. Ubinadamu wa Yesu ulianza, tumboni mwa Maria, na tunausherehekea tarehe 25 Machi. Yeye aliyeuchukua ubinadamu huo hakuanza. Wakilishika hilo, Noeli haitawasumbua tena.

Kuna mambo mawili yatakayojitokeza bila kuulizwa. La kwanza ni 2 Petro 3:8. Kuna wanaougeuza mstari huo kuwa bei ya soko, siku moja kwa miaka elfu, wakapiga hesabu ya mwisho wa dunia. Warudishe kwenye Zaburi 90:4, ambapo miaka elfu ni kama siku ya jana, "na kama kesha la usiku". Waebrania wa kale waligawa usiku makesha matatu, yaani kesha moja ni kama saa nne. Ndani ya mstari mmoja miaka ile ile imekuwa siku, halafu saa nne. Bei gani hiyo? Petro naye anaigeuza pande zote mbili makusudi.

La pili ni sala: kama Mungu anaona vyote, kwa nini tuombe? Toma anatoa mfano wa mtu aliye juu anayeona msafara wote kwa mara moja. Wewe sema boti ya kwenda Bukavu: abiria anakiona kisiwa cha Idjwi, kisha kinampita; aliye mlimani anaona njia yote. Kumwona mtu ameketi hakumlazimishi kuketi. Ndivyo Boethius alivyotetea uhuru wetu. Ila wakumbushe mfano unapokatikia: mtu wa mlimani naye anazeeka, tena anatazama tu, wakati Mungu ndiye anayeishika boti isirudi kuwa si kitu. Na Toma anasema hatuombi ili tubadilishe alichopanga, tunaomba ili tupate kile alichopanga kipatikane kwa sala. Sala yako ya saa tisa usiku imo ndani ya mpango, haikuchelewa.

Wapo wanateolojia wazito wasiokubali kwamba Mungu yuko nje ya wakati. Oscar Cullmann, mwaka 1946, alisema umilele wa Biblia ni wakati usio na mwisho, na James Barr akamjibu mwaka 1962 kwamba msamiati peke yake hauwezi kubeba hoja hiyo. Mimi nasimama na Boethius. Kijana akisimama upande mwingine usimwite mzushi. Hakuna mtaguso alioupinga kwa hilo.

Mwisho, angalia nani amekaa mbele yako. Kati ya vijana wale wapo waliozika watu wao mwaka huu. Kwao "Mungu ni wa milele" linaweza kusikika kama "Mungu yuko mbali na hana haraka". Usiwape Boethius siku hiyo. Wape Kumbukumbu la Torati 33:27, "na mikono ya milele i chini yako", na uiache Zaburi 90 iseme yote, maana mistari yake 17 ina kilio vilevile: miaka yetu inaisha kama kite, kisha wanaomba washibishwe fadhili asubuhi.

Nitumie maswali ya Jumamosi ijayo kabla ya Alhamisi, boti ya Ijumaa ikukute na majibu. Jiwe usilisahau nyumbani.

Nduguyo katika Kristo