Kabla ya kuulaumu upepo, ulizeni hesabu ya paa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua. Kila paa la ukumbi, bohari au uwanja wa michezo linapoezuliwa, habari hutoka na sababu ile ile: upepo ulikuwa mkali kupita kiasi. Huenda ulikuwa mkali kweli. Lakini upepo huo huo mara nyingi huliacha zima paa la jirani, na tofauti ya mapaa hayo mawili huwa kwenye karatasi za hesabu na kwenye skrubu.

Neno "kuezua" lina ukweli kuliko baadhi ya michoro. Paa lenye mteremko mdogo halikandamizwi na upepo, hufyonzwa kwenda juu. Hewa ikifika ukingoni huachana na bati, hujizungusha, na kanieneo (msukumo wa hewa kwa kila eneo) juu ya paa hushuka. Upepo ukiijia kona kwa mshazari, huzuka mizunguko miwili ya hewa yenye umbo la pia, ikilala kando ya kingo mbili. Hapo ndipo bati la kwanza huanza kunyanyuka.

Hesabu huanza na kasi. Kanieneo, kwa niutoni katika mita ya mraba, ni 0.613 mara mraba wa kasi kwa mita katika sekunde. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, hutoa niutoni 981, karibu uzito wa kilo 100 katika kila mita ya mraba. Kwa kuwa kasi hujizidisha yenyewe, ukikosea kuiongeza kwa asilimia 20 mzigo huongezeka kwa asilimia 44.

Ila ni kasi ipi? Hapa ndipo kosa kubwa hujificha. Kituo kimoja cha hali ya hewa hutoa wastani wa dakika 10, kingine hutoa mpigo wa sekunde 3, yaani kasi ya ghafla ya juu kabisa. Mahali tambarare palipo wazi, mpigo wa sekunde 3 huwa karibu mara 1.43 ya wastani wa dakika 10. Wastani wa mita 28 na mpigo wa mita 40 kwa hiyo ni upepo mmoja uliopimwa kwa vipindi viwili tofauti. Msanifu akiichukua ile 28 na kuiingiza kwenye kanuni inayotaka mpigo, amepunguza mzigo kwa nusu, na hakuna hesabu ya mbele itakayomkamata, kwa sababu kila mstari unaofuata utakuwa sahihi. Aulize pia kama kipimo kilikuwa mita 10 juu ya ardhi, na kama jengo liko kileleni mwa kilima, ambako upepo huongeza mwendo.

Kisha huja vizidishi vya umbo, namba za kuzidisha kanieneo hilo kulingana na sehemu ya paa. Kanuni ya Ulaya, EN 1991-1-4, kwa paa bapa lenye kingo kali hutoa mfyonzo wa 0.7 kwenye eneo la ndani, 1.2 ukingoni na 1.8 kwenye kona. Kwa kipande kidogo cha mita 1 ya mraba, kona hufika 2.5 na eneo la ndani 1.2. Jengo lenye upana wa mita 60 na kimo cha mita 12 lina ukanda wa ukingo wa mita 2.4, na kona yenye urefu wa mita 6. Anayetandaza 0.7 paa zima amelisanifu vizuri lile eneo lisilo na taabu.

Mlango mkubwa usisahauliwe. Ukifunguka au kuvunjika upande unakotoka upepo, jengo hujazwa hewa kama puto, na hapo jumlisha kizidishi cha ndani cha 0.6 au zaidi kwenye kile cha nje. Tuchukue papi, yaani fito za mbao au chuma zinazoshika bati, zilizo mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine na skrubu kila mita 0.2: kila skrubu inashika mita 0.24 za mraba. Kwa upepo wetu wa mita 40, skrubu ya kona itavutwa kwa takriban kiloniutoni 0.73, na ya katikati 0.42, kabla ya kuongeza usalama wowote. Bati lenyewe lina uzito wa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, halisaidii kitu. Kufunga skrubu kwa nafasi moja paa zima ni mazoea ya fundi, si usanifu.

Mvuto huo haupotei ukifika kwenye papi. Unateremka kwenye kenchi, fremu inayobeba papi, na mwamba wa chini wa kenchi, uliozoea kuvutwa, sasa unasukumwa na kupinda kando kama hakuna viungo vya kuuzuia. Unateremka hadi kwenye boliti za nguzo, hadi msingi. Nguzo inayobeba mita za mraba 120, kwa mvuto wa wastani wa kiloniutoni 1 kwa mita ya mraba uliozidishwa kwa 1.5 kwa usalama, na uzito wa paa wa kiloniutoni 0.25 kwa mita ya mraba ukihesabiwa kwa asilimia 90 tu, inavutwa kwa kiloniutoni 153. Hiyo inataka mita za ujazo 7 za zege chini yake, bila kuhesabu udongo. Uzito wa vifaa vitakavyofungwa baadaye usitumike kulishikilia paa.

Kwa mapaa makubwa kabisa, jedwali la kanuni halitoshi. Mpigo mfupi hauwezi kulifunika paa la mita 60 kwa mara moja, jambo ambalo ni nafuu. Ila paa linaloning'inia likiwa na mtikisiko wa asili chini ya mara 1 kwa sekunde hucheza pamoja na upepo, na nafuu hiyo huliwa. Mzigo wa upande mmoja tu pia huweza kulipinda kuba au tao kuliko mzigo kamili. Kazi hii hupelekwa kwenye handaki la upepo, maabara ambamo upepo hupulizwa juu ya modeli, kwa modeli ya 1:300 hivi, mamia ya vitundu vya kupimia kanieneo kwa wakati mmoja, na upepo kutoka pande 36, kila nyuzi 10. Majengo ya jirani yawemo ndani. Minara 3 kati ya 8 ya kupozea ya kituo cha umeme cha Ferrybridge, Uingereza, iliyoanguka Novemba 1965, ilipimwa kana kwamba kila mmoja umesimama peke yake.

Tuna ombi kwa wapiga picha wenu. Wasipige vifusi tu, wapige matundu. Skrubu zikibaki kwenye papi na bati limechanika kuzunguka vichwa vyake, bati limechoka kwa kutikiswa maelfu ya mara, kama ilivyoonekana Darwin, Australia, baada ya kimbunga Tracy cha Desemba 25, 1974, au skrubu zilikuwa chache mno. Skrubu zikiwa zimechomoka, mbao au chuma cha papi kilikuwa chembamba. Papi zikiondoka pamoja na bati, kosa liko kwenye kiungo cha papi na kenchi. Na kenchi nzima ikiruka, piga picha kichwa cha nguzo.

Ni sisi,
Wahandisi wa miundo, wasomaji wenu